Kicheko cha Mita Kumi

Pikipiki ya Ulpiano ilikuwa na kiti cha pembeni kilichozoea kubeba kamba na misumari. Asubuhi hiyo ya Septemba aliyejikunja ndani yake alikuwa Casilda Rebollar, magoti yakikaribia kidevu, kitambaa kichwani, penseli tatu zimechomekwa kwenye soksi. Madrid ilikuwa imebaki nyuma. Walikuwa wamezipita nyumba za mwisho, wakalipita tanuri la matofali, na sasa barabara ilikata katikati ya mashamba ya ngano yaliyokwisha kuvunwa, upande ambao Casilda hakuwa amefika hata siku moja.

“Bado sana?” alipaza sauti.

“Ukiona ghala kubwa lisilo na dirisha hata moja, ndipo hapo!” Ulpiano alijibu bila kugeuka. “Na kama unataka kutapika, tapikia upande wako, dada. Suruali hii imefuliwa jana.”

Kwa miaka kumi na tisa Casilda alikuwa ameandika majina ya filamu juu ya milango ya sinema za mtaa wa Gran Vía, herufi nyekundu zenye kivuli cha buluu, kila moja ndefu kama mtu mzima. Filamu za mapenzi, za mapanga, za watakatifu. Lakini mahali filamu zinapotengenezwa alikuwa hajapaona. Alikuwa kama mtu anayeandika anwani kwenye bahasha za wenzake maisha yake yote, asijue ndani mna nini.

Kilichomtoa karakanani siku hiyo kilikuwa mdomo.

Siku moja kabla, Bwana Quiroga wa kampuni ya kusambaza filamu alikuwa amekuja kuangalia mchoro mdogo wa bango la “Lifti Imekwama na Bwana Harusi”. Ilikuwa filamu ya kuchekesha, ya rangi, iliyopangwa kufunguliwa Jumatatu ya wiki iliyofuata katika sinema ya Alcotán. Mwigizaji wake mkuu alikuwa Azucena Villalba, msichana wa miaka kumi na saba ambaye mwaka huo, 1963, hungeweza kununua mkate wala kunyoa ndevu kinyozini bila kumsikia akiimba redioni. Don Evelio Barrantes, mwenye karakana, alikuwa amemchora kama alivyowachora wengine wote kwa miaka thelathini: macho makubwa, mashavu yenye nuru, na midomo iliyofungwa kwa adabu.

“Yuko matangani huyu,” Bwana Quiroga alisema. “Don Evelio, huyu mtoto anaingia kwenye lifti na bwana harusi wa mtu, lifti inakwama, anaanza kuimba, jengo zima linaharibikiwa. Watu wanalipa waje kumwona akicheka. Mfungue mdomo.”

“Mimi sifungui midomo,” don Evelio alijibu.

Kila mtu karakanani alijua kwa nini. Mwaka 1948 aliwahi kufungua mmoja, wa mwimbaji mnene wa kiume, na alichora meno yote thelathini na mawili, moja moja, kwa uangalifu wa fundi saa. Bango lilipopandishwa, mtaa mzima uliona mawe ya makaburi yamejipanga. Wapita njia walisimama, wakavua kofia, wakafanya ishara ya msalaba, wakaendelea na safari zao. Lilishushwa kabla ya onyesho la kwanza. Tangu siku hiyo kila uso uliotoka katika karakana ya don Evelio, uwe wa malkia au wa jambazi, ulifunga mdomo.

“Basi nitatafuta karakana inayofungua,” Bwana Quiroga alisema, akachukua kofia yake.

Ndipo sauti ikatoka kwenye kona ya herufi.

“Nitaufungua mimi.”

Gaspar, aliyekuwa akichora nguo na mandhari, aliacha brashi yake ndani ya ndoo. Katika karakana ile kila mtu alikuwa na mahali pake. Don Evelio alichora nyuso. Mchora uso ndiye pekee aliyetia sahihi, kwa rangi nyekundu, kwenye kona ya chini kulia. Mwandika herufi alijaza mita nyingi za mraba kuliko wote, na jina lake halikuonekana popote.

“Wewe ni mtu wa herufi, Casilda,” don Evelio alisema taratibu.

“Ndiyo, don Evelio.”

Mzee alimtazama, akamtazama Bwana Quiroga mwenye kofia mkononi, akautazama mchoro wake uliofunga mdomo.

“Haya. Lakini utachora uso wote. Sitaki nusu iwe yangu na nusu yako. Na likishushwa kabla ya onyesho la kwanza kama lilivyoshushwa langu, Jumanne usije. Kakaange churro na dada yako.”

Dada yake, Eutimia, alikuwa na kibanda cha churro mtaa wa Tetuán, na Casilda hakuwa na ubaya wowote na maandazi yale. Ila alikuwa na miaka arobaini na moja, na mkono wake haukujua kitu kingine duniani isipokuwa brashi. Aliomba jambo moja tu: amwone yule msichana akicheka. Katika picha zote thelathini na sita zilizotumwa na kampuni hapakuwa na jino hata moja.

*

Ndani ya ghala lile lisilo na madirisha kulikuwa na jengo zima la ghorofa lililokatwa mgongo; filamu ilikuwa imekwisha, lakini siku hiyo zilikuwa zikipigwa picha nyingine za matangazo. Lifti ilikuwa sanduku la mbao lililopakwa rangi ya dhahabu, na juu ya kiti kidogo ndani yake alikaa Azucena Villalba, amevaa gauni la mhudumu wa lifti, miguu mitupu, akila mkate uliojazwa kimanda cha viazi. Pembeni yake mama yake, doña Remedios, alishika leso chini ya kidevu cha binti yake kama anayekinga maji ya paa bovu.

“Huyu ndiye mchoraji?” doña Remedios aliuliza. “Nilidhani ni mwanamume.”

“Hata mimi nilidhani lifti ni ya chuma,” Casilda alisema.

Msichana alicheka kidogo puani, na papo hapo mama yake akasema, “Azucena, mdomo!” Kiganja cha msichana kikaruka chenyewe kikafunika midomo. Ilionekana dhahiri kwamba kiganja kile kimefanya safari hiyo mara elfu nyingi.

“Nimekuja kumwona akicheka, doña Remedios. Kampuni inataka acheke.”

“Atacheka. Cheka, mwanangu. Kwa midomo.”

Azucena akatabasamu. Lilikuwa lile lile la zile picha thelathini na sita.

Casilda aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaomba karatasi iliyofungia mkate, akainyoosha juu ya paja. Hakuomba tena chochote. Akaanza tu kuzungumza, kama anavyozungumza mtu anayengojea wali uive.

“Unamwona huyu Ulpiano? Ndiye anayepandisha mabango yetu. Tunachora kwa vipande, mwanangu, kwa sababu karakana yetu ni fupi, zamani ilikuwa ghala la makaa. Vipande vinapandishwa na kamba kutoka juu ya paa, kimoja kimoja. Sasa, mwaka ule tulikuwa na bango la nabii la Alcotán na bango la wacheza ngoma la sinema ya jirani, yote yapandishwe siku moja.”

“Casilda, usianze,” Ulpiano alisema.

“Nabii ana ndevu mpaka hapa. Ameinua mikono, ametokwa na mishipa, mawingu yanapasuka. Na kuanzia kiunoni kwenda chini—”

“Vipande vile havikuwa na namba!”

“Vilikuwa na namba, wewe ndiye uliyekuwa umekunywa. Kuanzia kiunoni kwenda chini, soksi za wavu, mkanda wa kushikia soksi, na mguu mmoja umerushwa hivi. Mpaka adhuhuri hakuna aliyetuambia. Don Evelio anatoka kwenye kahawa, anatazama juu, anasema: ‘Ulpiano, kama alivuka jangwa na viatu hivyo, huo ndio muujiza.’ Basi tukataka kushusha. Mwenye sinema akatoka mbio, amepiga magoti, nakuapia: ‘Iacheni miguu! Tiketi zimekwisha!’”

Azucena alikuwa amejaribu. Alikuwa amefunga midomo, mashavu yamejaa, macho yamelowa. Kisha kichwa kikaenda nyuma kikagonga ukuta wa lifti ya mbao, na kicheko kikatoka kizima, kikubwa kuliko yeye, kicheko cha muuza samaki mwenye kifua kipana. Macho yaliminywa yakawa mistari miwili. Pua ilikunjamana. Na pale mbele, juu, kushoto, jino moja lilikuwa limepanda nusu juu ya mwenzake, kama mtu anayechungulia kwenye foleni aone mbele kuna nini.

Mafundi wa taa waligeuka. Mmoja alianza kucheka bila kujua sababu.

“Azucena, mdomo!”

Lakini penseli ya Casilda ilikuwa imekwisha pita juu ya karatasi yenye mafuta ya kimanda. Doña Remedios aliinama, akaona, akaweka kidole juu ya jino.

“Hili hulichori. Daktari amesema tungoje amalize kukua. Mpaka hapo nchi hii haina haja ya kulijua.”

“Nimekusikia, doña Remedios,” Casilda alisema, akakunja karatasi, akaisukuma ndani ya soksi pamoja na penseli.

Njiani kurudi, walipofika kwenye tanuri la matofali, Ulpiano alipunguza mwendo.

“Hukusema ndiyo,” alisema.

“Nilisema nimemsikia.”

*

Bango lilikuwa na vipande kumi na viwili, viwili viwili, safu sita. Turubai iliyotandwa kwenye fremu za mbao, kila fremu upana wa mita tatu. Katika karakana sakafu ilitosha fremu mbili tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila bango lililowahi kutoka pale lilichorwa likiwa limelala, na hakuna aliyeliona zima mpaka limekwisha kusimama hadharani. Nyingi ya nyuso zilizotazama Gran Vía kwa miaka ile zilizaliwa gizani kwa namna hiyo, jicho leo, kidevu keshokutwa.

Casilda alichemsha gundi ya ngozi ya sungura, akachanganya poda za rangi, akafunga brashi kwenye mpini wa ufagio, akavua viatu. Akaanza na paji la uso.

Gaspar alikuwa wa kwanza kulitambua tatizo.

“Casilda, hilo paji au uwanja wa ndege?”

Siku ya pili, ilipofika zamu ya macho, alizunguka fremu mara mbili mikono nyuma.

“Ni farasi. Binti wa watu umemfanya farasi. Ulpiano, mletee nyasi!”

“Mimi naona ni jike,” Ulpiano alisema. “Tena la mbio.”

“Mkimaliza, mniletee maji ya moto,” Casilda alijibu.

Walikuwa wanasema kweli. Juu ya sakafu uso ulikuwa mrefu kupita kiasi upande wa juu, na kuelekea kidevuni ulibanwa kama kitu kilichokaliwa. Casilda alijua hivyo. Alijua tangu akiwa na miaka kumi na minne kule Peñaranda, ambako baba yake alipaka rangi mikokoteni na yeye akiandika majina ya wenye mikokoteni nyuma yake. Siku moja walipewa ukuta wa ghala la nafaka. Aliandika herufi zote sawasawa, kwa rula, akajivuna. Baba yake alimshusha kwenye ngazi, akamsimamisha barabarani, akamwambia tazama. Kutoka chini herufi za juu zilikuwa zimejikunyata kama watu wenye baridi. “Wewe unaandikia ukuta,” baba alimwambia. “Mwandikie huyu anayepita.” Tangu siku hiyo kila alipoandika kitu cha kutundikwa alirefusha sehemu ya juu, kwa kipimo alichokuwa nacho zaidi kwenye bega kuliko kichwani, na Madrid nzima ilisoma herufi zake ikidhani zimelingana.

Don Evelio alichora nyuso kama zilivyo, kwa sababu midomo ikifungwa kosa halionekani sana. Watu husema tu, mbona yule anatudharau. Kicheko hakisamehewi. Kikipotoka kidogo kinakuwa kilio au ugonjwa.

Siku ya nne ikafika safu ya tano, mdomo, vipande viwili, kushoto na kulia. Casilda hakuchora meno. Alichora umbo moja jeupe, zima, lenye ukingo safi kama tumbo la herufi, kwa maana aliyeko chini haoni meno, anaona weupe. Alipomaliza alipanda juu ya meza na kutazama. Lilikuwa zuri. Lilikuwa safi kabisa, na lilikuwa beseni la kunawia. Lingeweza kuwa la mtu yeyote, na halikuwa la mtu.

Aliitoa ile karatasi ya kimanda kwenye soksi. Aliiangalia muda. Akashuka, akachukua brashi nyembamba na rangi ya kahawia, akavuta mstari mmoja tu, upande wa kushoto, uliopinda kidogo. Jino likapanda juu ya mwenzake, likachungulia.

Bwana Quiroga alikuja mchana wa siku hiyo, akasimama juu ya kipande cha mdomo, akapauka.

“Hiki ni nini?”

“Ni kicheko,” Casilda alisema.

“Ni njia ya treni chini ya mlima! Na huu mstari? Mama yake ana barua ya wakili kwa kila kitu, huu mstari ni wa nini?” Aligeukia kona ya pili. “Don Evelio, karakana hii imefanya kazi na Alcotán miaka ishirini. Jumatatu hii inaweza kuwa ya mwisho.”

Don Evelio alikuwa amewapa mgongo siku zote nne, akimchora mchunga ng'ombe mwenye bastola kwa ajili ya sinema nyingine. Aliweka brashi chini, akaja, akatazama mdomo uliolala miguuni pake. Alitazama kwa muda mrefu, hasa pale juu, palipopanuliwa.

“Ulitaka mdomo wazi,” alisema mwishowe. “Ndio huo. Njoo uutazame mahali pake.”

Akarudi kwa mchunga ng'ombe wake.

*

Jumatatu saa mbili asubuhi Ulpiano na wenzake wanne walikuwa juu ya paa la Alcotán na kamba. Casilda alisimama mahali aliposimama siku zote herufi zake zilipopandishwa, ng'ambo ya barabara, karibu na kibanda cha vinywaji, ambako kipofu mmoja aitwaye Leoncio aliuza tiketi za bahati nasibu zilizobanwa kifuani. Eutimia alikuwa amefunga kibanda chake akaja, na fungu la churro ndani ya karatasi.

“Kula.”

“Siwezi.”

“Basi nitakula mimi. Ukija kufanya kazi kwangu, tabia hiyo ya kutokula uiache.”

Vipande vilipandishwa kuanzia juu. Nywele. Paji la uso. Kisha safu ya tatu, macho yaliyominywa, na kwa kuwa chini yake hapakuwa na kitu, yalikuwa macho ya mtu anayelia. Mwanamke mwenye kikapu cha mboga alisimama.

“Maskini. Kafiwa?”

“Filamu ya vita hiyo,” mwanamume mmoja alieleza kwa uhakika.

“Vita gani! Huyu ni Azucena, wa redio.”

“Basi kaachwa.”

Pua na mashavu. Sasa analia zaidi. Mng'arisha viatu aliyekuwa amepiga goti mbele ya mteja aliacha kusugua. Bwana Quiroga alikuwa mlangoni mwa sinema, kofia mkononi, akitazama juu na kuifinya kofia ile kama anayeikamua.

Kikapanda kipande cha kushoto cha mdomo, peke yake. Kamba ya kulia ilikuwa imenasa kwenye ukingo wa paa, Ulpiano akitukana watakatifu wasiojulikana, na kwa dakika nzima Gran Vía ilitazama uso wenye nusu mdomo uliovutwa upande mmoja, jino limepanda.

“Anaumwa jino!” mtu akapiga kelele.

“Mng'oe huyo!”

“Mwiteni daktari!”

Casilda alihisi mkono wa Eutimia umeingia kwenye wake. Aliona, ng'ambo, Bwana Quiroga akiinua mkono kuelekea paani, mkono wa kusema shusheni.

Kamba ikafunguka. Kipande cha kulia kilipanda kwa mshituko, kikayumba, kikagonga mwenzake, kikakaa.

Watu walioutazama uso ule kutoka chini hawakuona farasi. Paji lilirudi mahali pake, macho yakashuka, mdomo ukafunguka. Msichana wa mita kumi alikuwa ametupa kichwa nyuma juu ya Gran Vía, akicheka kicheko cha muuza samaki, na yale machozi ya dakika moja iliyopita yakawa machozi ya kucheka. Mwanamke wa kikapu ndiye aliyeanza. Hakucheka kwa sababu ya kitu. Alicheka kama mtu anavyopiga miayo akimwona mwingine. Kisha mng'arisha viatu, kisha mteja wake, mguu bado juu ya kisanduku. Trafiki wa kofia nyeupe katikati ya njia panda alikuwa ameinua mkono kusimamisha magari, akasahau kuushusha, na madereva waliotoa vichwa madirishani wamtukane walitazama anakotazama, wakakaa hivyo hivyo, vichwa nje.

“Mnacheka nini?” Leoncio kipofu aliuliza, akigeuza shingo huku na huku. “Jamani, mnacheka nini?”

“Msichana,” Casilda alisema. “Pale juu. Anacheka.”

“Sana?”

“Sana.”

Leoncio akasikiliza mtaa kidogo, kisha naye akacheka, tiketi zikitikisika kifuani.

Mkono wa Bwana Quiroga ulikuwa bado hewani. Alitazama juu, akatazama foleni iliyokuwa imeanza kujipanga yenyewe mbele ya dirisha la tiketi, saa saba nzima kabla ya onyesho la kwanza, na mkono ule ukageuka ukawa wa kuwapungia watu wa paani.

“Msiguse!” alipiga kelele. “Atakayeligusa nitamng'oa mimi!”

*

Gari jeusi lilifika saa tano na wapiga picha nyuma yake, safu ya mwisho, ya kidevu na mabega, ikiwa imekwisha pandishwa. Doña Remedios alishuka kwanza. Alitazama juu, na uso wake ukabadilika rangi mara kadhaa.

“Jino! Yule mama mchoraji yuko wapi? Nilimwambia! Azucena, usitazame.”

Azucena alikuwa amekwisha tazama. Alisimama katikati ya njia ya miguu, shingo nyuma, peke yake kwa mara ya kwanza mwaka ule, kwa sababu watu walikuwa wanamtazama yule mkubwa. Kisha akacheka. Kichwa nyuma, macho mistari miwili. Kiganja kilianza safari yake ya kila siku, kikafika usawa wa kifua, kikasimama, kikashuka.

Wapiga picha walipiga magoti ili wawapate wote wawili, wa chini na wa juu, jino kwa jino. Doña Remedios alifungua pochi, akafunga pochi. Watu walikuwa wanapiga makofi.

“Kweli linampendeza,” mwanamke wa kikapu alimwambia, kwa sauti ya mama kwa mama.

“Amelirithi kwangu,” doña Remedios alisema, akafunga midomo.

Don Evelio alitoka upande wa kibanda cha vinywaji. Casilda hakuwa amemwona akifika. Alikuwa amesimama hatua tatu nyuma yake muda wote, mahali wasimamapo waandika herufi, ambapo yeye, kwa miaka thelathini, hakuwahi kusimama. Mabango yake alikuwa akiyatazama kutoka mlangoni mwa kahawa, kando.

“Umelirefusha juu,” alisema.

“Ndiyo, don Evelio.”

“Na kwa herufi unafanya hivyo?”

“Zote.”

“Miaka kumi na tisa.” Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. “Na hukuniambia.”

“Hukuniuliza, don Evelio.”

Mzee alitoa kicheko kifupi, cha kwanza ambacho Casilda aliwahi kukisikia, akavuka barabara bila kungoja trafiki. Aliporudi alikuwa na kikopo cha rangi nyekundu na brashi ya mkia wa kindi, ile ambayo hakuna mtu karakanani aliruhusiwa kuiosha isipokuwa yeye.

“Kona ya chini kulia,” alisema. “Haraka, kabla jua halijapiga turubai.”

Ngazi ilikuwa imekwisha simamishwa juu ya paa la kibaraza cha mlango. Don Evelio aliishika kwa mikono miwili, mguu mmoja juu ya kipandio cha kwanza, kama anavyoishika kibarua.

“Shikilia vizuri, don Evelio!” Gaspar alipiga kelele kutoka chini. “Huyo ana uzito wa farasi!”

“Wewe kalete nyasi,” don Evelio alisema.

Casilda alipanda. Alipofika kwenye kona, bega la msichana lilikuwa kama kilima pembeni yake, na juu yake mdomo ulikuwa doa jeupe tu lisilo na maana. Kwa karibu hakukuwa na kicheko hapo. Alichovya brashi. Aliandika jina lake kwa herufi kubwa kuliko alizotumia don Evelio, hakuweza kujizuia, na akarefusha sehemu ya juu ya kila herufi.

Bango lile lilikaa juu ya Alcotán wiki ishirini na tatu. Mvua za Novemba zilikula rangi ya gauni, Casilda akarudi kulipaka mara mbili, na yule mchunga ng'ombe wa sinema ya jirani aliondoka, akaja mwingine, akaondoka, wote wamefunga midomo. Lakini hayo yalikuwa bado. Asubuhi ile rangi ya jina lake ilikuwa mbichi, na chini gari jeusi lilikuwa likiwasha injini ili limwahishe msichana redioni kwa kipindi cha mchana.

Kioo cha nyuma kilishuka. Azucena alitoa kichwa na mkono wote, akautazama ule ukuta mpaka akampata mtu mdogo aliyekuwa kwenye kona yake.

“Casilda!” aliita. “Na nabii? Walimrudishia miguu yake?”

“Jumanne yake!” Casilda alijibu kutoka juu. “Waumini walilalamika!”

Msichana akacheka tena, upepo ukimwingia mdomoni, na kutoka ndani ya gari ikasikika sauti ya doña Remedios, “Azucena, mdo—” kisha ikaishia hapo hapo. Trafiki, aliyekuwa ameusahau mkono wake hewani kwa mara nyingine, aliushusha. Gari likaingia kati ya mengine, mkono ule ukipunga mpaka kwenye kona, likapotea kuelekea chini ya mtaa.

“Umemaliza?” don Evelio aliuliza kutoka chini. “Mikono inaniuma.”

“Bado,” Casilda alisema. Alichovya brashi tena, akashusha pumzi, akaweka nukta juu ya i.